Mgongo na magoti: namna ya kuifanya fizio ikufae

Wengi wanaofika kwangu hapa Mombasa wameshalala kitandani wiki nzima, wamechuliwa kwa kila aina ya mafuta, wamemeza vidonge, na mgongo ungali unauma. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, au fizio kwa kifupi, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nawatibu wapagazi wa soko la Kongowea, madereva wa tuktuk, mafundi cherehani, na akina mama wanaoamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri. Wote nawaambia neno moja: kiungo kinachouma kinataka kazi, ila kazi ya kipimo. Kipimo hicho ndicho watu wanachokosa.

Kwanza, hakikisha maumivu yako si ya kukimbizwa hospitali. Ukifa ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, mkojo ukagoma kutoka, au mguu ukalegea ghafla, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na unatoka Likoni kuvuka feri. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku au kukonda yaonwe na daktari mapema, kwa kuwa kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo. Aliyeanguka mnazini, aliyewahi kuugua saratani, na mwenye goti lililovimba ghafla likawa la moto, nao waanzie kwa daktari.

Kama huna hayo, tulia. Maumivu mengi ya kiuno hayana mfupa uliovunjika wala ugonjwa mkubwa nyuma yake, na yale yaliyoanza juzi hupungua sana ndani ya wiki 6. Usihangaike kutafuta pesa za MRI, picha ya ndani ya mwili, kabla hujashauriwa. Watu wengi wasioumwa popote, hasa wenye umri mkubwa, wakipigwa picha huonekana wana diski zilizochakaa, yaani vile vitulizo vilivyo kati ya pingili za mgongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Ni jambo la kawaida, na lina tiba.

Kulala siku moja au mbili si vibaya. Ukizidisha, misuli inayoshikilia mgongo na goti hupoteza nguvu, na kiungo huzidi kukaza. Gegedu ya goti, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huzunguka unapokanyaga, unapokunja na kunyoosha. Ndiyo maana goti huwa gumu ukiamka, kisha hulegea ukishatembea kidogo.

Ukienda kwa mtaalamu wa fizio, nenda na jambo moja unalotaka kulirudia. Bibi mmoja wa Mji wa Kale alikaa mbele yangu akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka kusujudu tu. Kuswali kitini nimechoka." Hapo nikajua pa kuanzia. Tulianza na kusimama kutoka kwenye kiti kirefu. Paja lilipopata nguvu, tukaja kwenye kupiga magoti juu ya mito mitatu, mkono umeshika ukingo wa kitanda. Kila alipozoea tuliondoa mto mmoja. Siku aliyofika kwenye mkeka mtupu, alibaki ameinama kitambo, nami sikumharakisha.

Mtaalamu mzuri atakuuliza kazi yako, atakutazama ukitembea na ukiinama, atakushika na kupima nguvu zako. Ukilazwa moja kwa moja chini ya mashine na hakuna aliyekuona ukitembea, uliza sababu. Una haki pia ya kuuliza kama amesajiliwa, kwani Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia tangu 2014.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji kifaa. Kaa ukingoni mwa baraza ya nyumba yenu. Nyayo ziwe chini, upana wa mabega, na visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha simama bila kujisukuma kwa mikono. Shuka polepole ukihesabu hadi 3. Huko kushuka ndiko kunakojenga paja, usijiachie ukaanguka. Fanya mara 8, pumzika, rudia mizunguko 3, siku tatu kwa wiki. Baraza ikiwa fupi mno kwako, kalia mto. Ikiwa rahisi, tafuta pa chini zaidi.

Goti likikataa hilo, nyoosha mguu, viringisha kanga uiweke chini ya goti, uibonyeze kwa kukaza paja sekunde 5. Kwa mgongo, lala chali mkekani, kunja magoti, kaza makalio, inua kiuno, hesabu 5, shusha. Mara 10 zinatosha kuanzia.

Maumivu yapime kwa 0 hadi 10. Yakifika 3 au 4 wakati wa zoezi, endelea, mradi asubuhi ya pili yawe yamerudi hali yake ya kawaida. Yakiwa yamepanda, punguza idadi, lakini usiache kabisa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na inaniuma, kwa sababu wanaacha wakiwa karibu kupata nafuu.

Tembea pia. Bustani ya Mama Ngina baada ya alasiri panafaa, au ufuo wa Pirates maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu. Mwenye goti bovu sana atembee ndani ya maji yanayofika kifuani; maji hayo humbebea zaidi ya nusu ya uzito wake.

Kazini, badili mkao. Dereva wa tuktuk, shuka kila ukifika steji. Mama, ukikuna nazi juu ya mbuzi, inuka ujinyooshe kila nazi moja ikiisha. Kukandwa hakukatazwi, kunatuliza. Ila tumia nafuu hiyo kufanya mazoezi siku hiyo hiyo.

 

Nguvu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Nauli na ada zikikubana, mwambie mtaalamu wako waziwazi. Mwombe akupange mara chache, akurekodi kwenye simu yako ukifanya kila zoezi sawasawa, na akuandikie lini uongeze idadi. Kisha mpe mtu mmoja wa nyumbani hiyo simu, akae nawe barazani akuhesabie.