Somo: Kuchagua rangi ya joto au ya baridi kwa kuta za ndani

Wengi wetu huchagua rangi dukani, chini ya taa ya duka, kwa kadi yenye vipande visivyozidi upana wa kidole, kisha tukamlaumu fundi. Rangi za joto ni kama chungwa na krimu, za baridi ni kama bluu na kijani. Tuanzie chumbani.

Kwanza, jua linaingia wapi? Mtwara na Lindi ziko karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, ilhali dirisha la magharibi hupigwa na mwanga wa manjano wa alasiri mwaka mzima. Chumba hicho kikipakwa rangi ya chungwa, saa kumi kitafanana na tanuri. Bluu au kijani kilichopauka hukituliza. Chumba kilichofunikwa na mkorosho ni kinyume chake, kwa kuwa majani huutia mwanga ukijani na kijivu humo huonekana kama ukungu, hivyo krimu hufaa zaidi.

Pili, linganisha na sakafu na milango, kwani hivyo huvibadilishi.

Tatu, paka ubao wa sentimita 60 kwa 60 mara mbili, uache ukauke, maana rangi ya maji kwa kawaida hukolea ikikauka, kisha uutazame asubuhi, alasiri na usiku. Balbu ya kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga wa manjano, na ya 6,500 mweupe wenye ubluu. Hatua hii niliiruka sebuleni kwangu Shangani, nikaishi miaka mitatu na kijivu kilichogeuka zambarau kila taa ilipowashwa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Lindi:* Shikamoo mwalimu. Je, rangi ya baridi itapunguza joto chumbani?

Marahaba. La, yanayopoa ni macho tu. Joto hupunguzwa na dari, kivuli na madirisha yanayopitisha upepo. Nyeupe husaidia ikipakwa nje, ambako hulirudisha jua.

*Mwanachama, Mikindani:* Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Naweza kupaka bluu ya mafuta?

Nakusihi usipake. Ukuta wa chokaa hutoa unyevu wake kupitia usoni, na rangi ya mafuta huuziba mpaka ibambuke. Tumia chokaa iliyochanganywa na rangi ya unga inayostahimili chokaa. Bluu yake itatoka hafifu, na kwa vyumba vile vyenye madirisha madogo, hafifu ndiyo inayofaa.