Ukitaka kuonyesha sizoni ya watoto wa ajabu kibandani

Mimi nina kibanda umiza, chumba cha kuonyesha video kwa kiingilio, hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mwaka huu kilichonijazia mabenchi kuliko mpira wa katikati ya wiki ni sizoni ya Waingereza ya 2022, The Midwich Cuckoos. Siku moja mji mzima unazimia; watu wakizinduka, wanawake kibao wana mimba. Watoto wanaozaliwa wanaingia akilini mwa wakubwa na kuwaendesha wanavyotaka.

Usiku wa kwanza onyesha sehemu mbili, basi, hata wakigonga mabenchi. Zipo saba na zinakwenda taratibu. Ukizimwaga zote kwa mkupuo watu watasinzia kwenye ya nne, halafu wakakuharibie jina sokoni. Subwufa ipunguze. Hii si ya ngumi, utisho wake uko kwenye ukimya.

Tafsiri kwa sentensi fupi, na watoto wakikodoa macho, nyamaza. Hapo utamsikia mama wa benchi la nyuma akijifunika kitenge: "Mama yangu! Huyu mtoto si bure." Mwache. Vijana watabishana baba ni nani, wazee watauliza mbona haitwi mchungaji. Ubishi huo ndio biashara yenyewe, maana anayebishana leo kesho anarudi na shemeji yake. Simamisha picha kidogo, uza chai ya tangawizi. Mwezi wa saba kwa baridi yetu birika moja halitoshi.

Upo ubishi wa kukata papo hapo: mtu akiacha ya kwenye skrini na kuanza kumtaja mtoto wa mtaani. "Kama yule pacha wa kwa mama fulani." Mimi nazima, nawasha taa. Huku Nyanda za Juu hatuhitaji kukumbushwa. Njombe watoto waliuawa mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, na ushirikina ukatajwa. Namwambia, "Kaka, huyo ni mtoto wa jirani. Omba radhi au chukua mia tano yako." Wengi huomba radhi. Ndiyo maana hata ile filamu ya 1960, iliyotoka kwenye riwaya ileile ya John Wyndham, siiweki ingawa naipenda. Watoto wake wana nywele nyeupe, na mlevi mmoja tu anatosha kumgeuzia maneno mwenye ualbino aliyekuja kustarehe kama wengine.

Watoto wasiingie. Atakuja dogo wa darasa la tano na hela mkononi, akwambie ameshaona makubwa zaidi kwenye simu, mrudishe. Asubuhi mama yake ndiye atakayekuja kukuuliza kwa nini kijana kalala na taa.

Umeme ukikatika usikimbilie kurudisha hela. Waulize nani atakufa, wataongea wenyewe mpaka urudi.

Sehemu ya saba iweke Jumamosi, mara mbili, na wanaotoka uwapitishe mlango wa nyuma. Wakikutana na foleni ya mbele wataimaliza hadithi kabla hujakusanya viingilio.