Rangi za udongo kwa mstaafu anayeanza kuchora

Anayeanza kuchora akiwa na miaka 60 au 70 hukwazwa na mambo mawili: rangi za dukani ni ghali, hivyo anaogopa kuzimaliza kwa majaribio, na mkono hautulii kama zamani. Kwa aliye Dodoma, la kwanza halina haja ya kumsumbua: rangi ataitoa kwenye udongo.

Anza na udongo mwekundu wa vilimani. Ule mweusi wa mbugani uache. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na picha itapasuka nao. Fyeka juu kwanza, uondoe majani na mizizi, kisha chukua vikombe viwili. Usichimbe kwenye mapango ya michoro ya Kondoa, na ukienda Kolo kuitazama usiiguse wala kuimwagia maji. Ni urithi wa dunia tangu 2006, na maji huiharibu.

Kusafisha udongo ndiyo kazi yenyewe, usiiharakishe. Usitwange mkavu, vumbi lake si zuri kwa kifua cha mzee. Loweka kikombe kimoja cha udongo kwenye vikombe vinne vya maji, vuruga, subiri dakika moja mchanga utuame, kisha mimina maji mekundu kwenye chombo kingine kupitia kipande cha kanga kuukuu. Rudia mara tatu. Acha usiku kucha, asubuhi mwaga maji yaliyo juu na uanike tope kwenye sahani, ukilifunika kwa kitambaa chepesi kwa sababu ya upepo. Likikauka, livunje taratibu kwa mgongo wa kijiko bila kutimua vumbi, utabaki na unga laini kama wa ngano. Ukiusugua kati ya vidole usisikie chembe. Ukisikia chembe, rudia.

Changanya kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya mbao na kimoja cha maji, kisha ongeza unga vijiko viwili, kidogo kidogo. Paka kwenye kadibodi, ngoja ikauke, sugua kwa kidole. Ikitoka, gundi haitoshi. Ikimeta kama plastiki, imezidi. Ikipasuka, umepaka nene: bora mipako miwili myepesi. Usishangae rangi ikipauka, ikikauka ndivyo inavyokuwa. Nyeusi itoke kwenye mkaa, nyeupe kwenye chaki. Chokaa usiitumie, inachoma ngozi. Rangi hizo tatu zinatosha kwa miezi ya mwanzo.

Sasa mkono. Zungushia mpini wa brashi ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi unene wa kidole gumba, vidole vyenye baridi yabisi havitalazimika kubana. Mkono ukitetemeka, laza bakora juu ya picha, ncha yake iegemee ukingo wa ubao bila kugusa rangi, kisha weka kifundo cha mkono juu yake. Chora asubuhi karibu na dirisha, na upumzike kila nusu saa.

Koroga rangi ya siku hiyo tu. Iliyolala na maji hunuka kwa joto hili. Osha brashi kwa sabuni papo hapo, gundi ikikaukia humo brashi ndiyo basi.