Somo: Tangyuan za Dongzhi, usiku mrefu kuliko wote

Wengi tukisikia kalenda ya Wachina tunadhani yote ni ya mwezi. Vipindi vyake 24, jieqi, hufuata jua: njia ya jua ya mwaka mzima ina nyuzi 360, nao wakaikata kila nyuzi 15, yaani siku 15 hivi. Ndiyo maana Mwaka Mpya wao, unaofuata mwezi, huhamahama, lakini Dongzhi, kipindi kimojawapo cha jua chenye usiku mrefu kuliko wote, huangukia 21 au 22 Desemba, mara chache 23. Siku hiyo kaskazini mwa China wengi hula jiaozi, vifuko vya unga vyenye kujazwa ndani, vyenye umbo la sikio. Kusini ni tangyuan, vidonge vya unga wa mchele wa kunata vilivyojazwa ufuta, na ndizo tutakazopika.

1. Kaanga gramu 60 za ufuta mweusi bila mafuta. Ufuta mweusi ukiungua hauonekani, kwa hiyo tegemea pua. Twanga, changanya na sukari gramu 50 na siagi gramu 50. Weka kwenye friji ugande, kisha gawa vidonge 20.

2. Unga wa mchele wa kunata, gramu 200, ukande kwa maji vuguvugu kama mililita 160, kidogo kidogo. Sasa siri yenyewe: mega donge la ukubwa wa ndimu, lichemshe mpaka lielee, lirudishe kwenye unga, kanda tena. Ukiruka hapa, tangyuan zitapasuka mkononi.

3. Gawa 20, bonyeza shimo kwa dole gumba, tia ufuta, funga, viringa. Zifunike kwa kitambaa kibichi.

4. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka, koroga kwa mgongo wa kijiko. Zikielea, ongeza dakika mbili. Pakua na maji ya tangawizi na sukari guru. Usiwe na pupa, ufuta wa ndani unaunguza ulimi!

Swali: Unga wa mchele wa kawaida, ule wa vitumbua, haufai?
Jibu: Haufai, ndugu yangu. Haunati, utameguka. Tafuta maduka ya vyakula vya Kiasia.

Swali: Nimesikia wanatia mafuta ya nguruwe.
Jibu: Kweli, za asili nyingi huwa nayo. Ukinunua zilizogandishwa, soma pakiti. Siagi au mafuta ya nazi yanatosha kabisa.

Swali: Kwa nini lazima ziwe duara?
Jibu: Jina linakaribiana kimatamshi na tuanyuan, kukutana kwa jamaa. Bakuli nalo ni la duara.

Swali: Mbona hizi jieqi ni kama miongo yetu ya Nairuzi, mwaka wa jadi wa pwani?
Jibu: Umenena. Nayo ni hesabu ya jua, mabaharia na wakulima wa pwani waliitegemea. Ila mwongo una siku kumi, na Nairuzi ina siku 365 bila mwaka mrefu, hivyo huteleza taratibu na kuyatangulia majira. Jieqi haitelezi, maana inapimwa kwa jua lenyewe.

Swali: Zikibaki?
Jibu: Zigandishe zikiwa mbichi, na uzichemshe bila kuziyeyusha kwanza.