Pevingi zikizibwa na vumbi: usikimbilie maji

Naishi Goba, Dar es Salaam, kando ya barabara ya vumbi inayopitwa na malori ya mchanga tangu alfajiri. Tulipotandaza pevingi uani tuliacha upana wa kidole kati ya tofali na tofali, tukajaza kokoto za chenga ili mvua izame hapohapo isimfuate jirani wa chini. Mwaka wa kwanza ilizama. Wa pili, dimbwi getini.

Nikamwita kijana wa kuosha magari aje na mashine yake ya presha. Akalisimamisha bomba wima juu ya viungo, yaani zile nafasi kati ya tofali, kokoto zikaruka mpaka ukutani, vumbi likashindiliwa chini zaidi. Pevingi ziling'aa kweli. Dimbwi likakua.

Tofali la kawaida halipitishi maji ya maana. Yanapita kwenye viungo. Chokonoa kimoja kwa bisibisi utaona: juu kuna gamba la kahawia, gumu kama udongo wa kusiriba, na sentimita mbili tatu chini yake kokoto bado zinacheza. Kazi yote ni hilo gamba.

Kwanza pima maji yanazama kwa kasi gani. Kata kitako cha ndoo ya rangi ya lita 20, isimamishe juu ya viungo na uzibe pembeni kwa unga wa ngano uliokandwa (kuku wangu waliushukuru baadaye). Lowesha kwa lita tatu, kisha mimina lita nne polepole, kina ndani kisizidi sentimita moja na nusu, simu ikihesabu muda. Kwangu, karibu na tangi hazikumaliza dakika. Getini nilikunywa chai nikaosha na kikombe, nusu saa ikapita maji bado yapo.

Chagua siku kavu. Mimi hufanya Septemba, kabla ya vuli. Fagia kwa ufagio wa chelewa, kwangua viungo kwa bisibisi bapa hadi ufikie kokoto safi, fagia tena na uzoe palepale, maana rundo ukiliacha pembeni upepo utakurudishia. Anzia getini, kwenye njia ya matairi, ndiko vumbi linakodondokea. Kwa mita za mraba kumi nilitumia asubuhi nzima na magoti yangu mawili.

Jaza upya kokoto za milimita 2 hadi 5, zilizooshwa mpaka maji yatoke meupe. Fundi atakushawishi uweke vumbi la kokoto kwa kuwa linashika. Linashika, ndiyo, na maji pia linayashika.

Kama zako ni zile zenye vitundu mwili mzima, kama kashata ya karanga, bisibisi haitakusaidia. Hizo zifagie kila wiki, na ukipata mashine ya kufyonza vumbi, itumie zikiwa kavu.

Kisha pima tena palepale. Getini kwangu sasa ni dakika tatu.