Kuiandaa akili kabla ya janga: mambo ya kupanga ukiwa bado umetulia

Wengi wetu tuliopitia UVIKO-19 tunajua sasa nini kiwepo nyumbani kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi: sabuni, barakoa, kipimajoto, dawa za homa, akiba ya chakula. Somo hilo limetuingia. Lakini ukimuuliza mtu mzima mwenye kazi na familia amejiandaaje upande wa akili yake, mara nyingi hana jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hilo nalo huandaliwa. Mimi naamini huandaliwa, na wakati wake ni huu, mambo yakiwa shwari.

Tukumbuke muda tuliokaa katika hali ile. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura tarehe 30 Januari 2020, likauita ugonjwa huo janga la dunia tarehe 11 Machi, na halikuiondoa dharura hiyo mpaka tarehe 5 Mei 2023. Machi 2022 shirika hilo lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi uliopitiliza viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 katika jarida la tiba la Lancet yalionyesha kwamba mwaka 2020 pekee ulileta nyongeza ya watu wapatao milioni 53 wenye sonona na milioni 76 wenye matatizo ya wasiwasi, wanawake na vijana wakiumia zaidi. Miongoni mwa watu hawa wapo waliokuwa wanaamka, wanakwenda kazini, wanalea, wanalipa madeni yao kama mimi na wewe.

Hofu ni king'ora cha mwili. Moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, na mawazo yote yanaelekea kwenye hatari iliyo mbele. King'ora hicho kinafaa sana kwa hatari ya dakika chache. Janga hukaa miezi na miaka, na king'ora kisipozimwa usingizi unakatika, hasira inakuwa karibu, na kichwa kinashindwa kupanga hata jambo dogo. Aliyefika hapo ukimwambia atengeneze ratiba au atafute mshauri nasaha, unamdai nguvu ambayo ameshaishiwa. Ndiyo maana uamuzi ufanyike mapema, ili siku ya hofu ibaki kazi ya kutekeleza tu.

Anza na watu. Mafuriko au moto ukitokea, watu hukimbiliana. Wanashikana mikono, wanalala pamoja, wanalia pamoja. Janga la ugonjwa wa kuambukiza linatunyang'anya dawa hiyo hiyo, kwa sababu anayekuja kukufariji ndiye anayeweza kukuambukiza, au wewe ukamwambukiza yeye. Hata wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, mwezi Machi 2020, walianza kupendelea kusema watu watengane kimwili badala ya kusema watengane kijamii, maana mwili unaweza kukaa mbali na mioyo ikabaki karibu. Lakini haibaki karibu yenyewe. Kwa hiyo chagua majina mawili au matatu, ongea nao leo, na mkubaliane saa. "Tutapigiana" haitoshi. Semeni kila siku saa fulani, nani anapiga, na asiyepokea mara mbili afanyiwe nini.

Nililijua hili nikiwa karantini siku 14, peke yangu katika chumba kimoja. Dada yangu alinipigia kila siku saa moja jioni. Siku ya tatu tulikuwa hatuna tena la kusemezana. Hakukata. Aliiweka simu mezani akaendelea kukunja nguo, nami nikawa nasikia mlango wa kabati lake ukifunguliwa na kufungwa, hatua zake, kikohozi cha mwanawe. Tulikaa hivyo nusu saa bila maneno, na usiku ule nililala. Tangu hapo nawaambia watu: mkipanga simu ya kila siku, kubalianeni pia kwamba si lazima kuwe na mazungumzo.

Katika majina hayo, mmoja awe anayeishi peke yake, ambaye hatakupigia mwenyewe hata akizidiwa. Huyo muulize mara mbili. Jibu la kwanza huwa "sijambo", na mara nyingi la pili ndilo la kweli.

Kuhusu karantini yenyewe, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Februari 2020, nyingi zikitokana na milipuko ya Ebola na ya SARS, ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, yalitaja mambo yanayowaumiza zaidi waliotengwa: muda mrefu, hofu ya maambukizi, uchovu wa kukaa bure, mahitaji yasiyofika, maelezo yasiyoeleweka, kipato kupotea, na unyanyapaa baada ya kutoka. Ukiyatazama vizuri utaona mengi yanaweza kuulizwa mapema. Siku ngapi, na kwa nini hizo? Nani ataniletea chakula na dawa? Nikipata homa usiku napiga wapi? Kazini nitamwambia nani, na mshahara utakuwaje? Andika maswali haya sasa, maana ukishaambiwa uingie ndani hutayakumbuka.

Jambo la pili ninalolipa uzito ni habari. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilianza kuzungumzia infodemia, yaani mafuriko ya taarifa, za kweli na za uongo, mpaka mtu hajui ashike ipi. Nilikuwa naamka saa nane usiku, navuta simu chini ya mto, nasoma idadi ya waliokufa katika nchi ambazo sijawahi kufika. Uso wangu ukimulikwa na kioo, mume wangu alikuwa anageukia ukutani bila kusema kitu. Nilijidanganya kwamba najilinda kwa kujua. Kumbe hakuna hata tarakimu moja iliyobadilisha nilichofanya asubuhi; nilinawa mikono ile ile na kuvaa barakoa ile ile, ila nilikuwa nimechoka zaidi.

Chagua basi vyanzo viwili vya habari unavyoviamini, kimojawapo kiwe cha mamlaka ya afya ya nchi yako. Weka nyakati mbili za kuvitazama, isiwe kitandani wala kabla ya kula. Makundi ya ujumbe yanayosambaza sauti za watu wasiojulikana yanyamazishe mapema, na uwaambie wenzako kwa upole kwamba jambo la dharura wakupigie. Unapofungua habari jiulize: hii itabadilisha nitakachofanya leo? Kama haibadilishi, ifunge bila kujilaumu. Kuacha kusoma si kutojali waliokufa.

Ndani ya nyumba, zungumzeni kabla hamjafungiwa. Watu wanaopendana huchokana wakikaa pamoja mchana na usiku, na ugomvi mwingi huanzia kwenye vitu vidogo: nani anatumia meza, nani anapika, nani ananyamazisha watoto wakati mwingine yuko kwenye simu ya kazi. Kila mmoja apewe kona na saa yake ya kuachwa peke yake. Mkubaliane pia nani atamhudumia mgonjwa, na nani atampokea akichoka.

Kwa baadhi ya watu nyumba yenyewe ndiyo hatari. Mwezi Aprili 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliziomba serikali zichukue hatua kwa sababu ukatili wa majumbani ulikuwa unapanda wakati watu wamezuiwa kutoka. Kama unaishi na mtu anayekupiga au kukutisha, maandalizi yako ni tofauti na ya wengine, nawe unastahili kuyafanya bila aibu. Nakala za vitambulisho ziwe kwa mtu unayemwamini. Kuwe na neno moja mlilokubaliana ambalo ukilitamka kwenye simu anajua aite msaada. Fahamu mapema namba ya kuripoti ukatili, na ni mahali gani patakupokea hata kukiwa na zuio la kutembea.

Wanaotumia dawa za akili wawe na akiba. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 130, uliotolewa Oktoba 2020, ulionyesha kwamba asilimia 93 ya nchi hizo zilipata usumbufu au kukatika kwa huduma moja au zaidi za afya ya akili. Muulize daktari wako sasa kama anaweza kukuandikia dawa za muda mrefu kidogo, kama anahudumia kwa simu, na nani atakusaidia akiugua yeye. Tunza nakala ya cheti cha dawa. Usiziache ghafla kwa sababu tu zimekuwa adimu. Nyingi zinahitaji kupunguzwa taratibu chini ya uangalizi.

Siku iwe na vigingi, hata kama kazi imesimama. Saa ya kuamka isibadilike, mwanga wa asubuhi ukupige usoni, mwili utembee, na kitanda kibaki cha kulala. Pombe inaleta usingizi haraka kisha inauvunja usiku wa manane, kwa hiyo amua kiasi chako mapema. Fedha nazo zizungumzwe: orodha ya madeni, nani wa kumweleza kwanza kipato kikikatika, matumizi yapi yaachwe. Hofu ya deni lililoandikwa huwa ndogo kuliko ya deni linalozunguka kichwani.

Msiba ndio mgumu kuliko yote, na ndio tunaoukwepa kuuongelea. Wakati wa janga mtu anaweza kupelekwa hospitali akitembea, asionekane tena. Hakuna wa kumshika mkono, mazishi yana watu wachache, wengine wanaaga kupitia kioo cha simu. Rafiki yangu alimzika mama yake hivyo, na picha ilikatika mara mbili. Iliporudi mara ya pili kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Kwa miezi aliendelea kumtengea mama yake kiti. Walipoweza kukusanyika, watoto wote walikwenda kaburini, wakaketi chini, kila mmoja akasimulia siku moja aliyokaa na marehemu. Ndipo alipolia, na aliporudi nyumbani alikisogeza kile kiti dirishani.

Kwa hiyo waulizeni wazee wenu, na nanyi mjieleze: ukilazwa, nani apigiwe simu na hospitali? Nani aamue kama huwezi kusema? Kuna jambo ungependa lifanyike kwenye mazishi yako, na lipi linaweza kusubiri? Kubalianeni kwamba watu wasipoweza kukusanyika, kutakuwa na siku ya pili ya kuomboleza, hata mwaka ukipita. Mwongozo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022 unatambua huzuni ya msiba inayoendelea kwa ukali zaidi ya miezi sita mpaka mtu anashindwa kuishi maisha yake. Anayefika hapo hajakosa imani wala hajadeka. Anahitaji tiba.

Kuna pia uchungu wa kuamini kwamba wewe ndiye uliyemwambukiza aliyekufa. Wekaneni sawa mapema, kwa maneno yanayosikika: ugonjwa huu hauonekani, kila mmoja atajitahidi, na hakuna atakayemshitaki mwenzake. Nimeona familia iliyosema hivyo na nyingine isiyosema. Ya pili bado haikai meza moja.

Ujue na dalili za kutafuta msaada. Kuwa na huzuni, kuogopa na kulala vibaya siku kadhaa ni jambo la kawaida katika hali isiyo ya kawaida. Lakini huzuni au kukosa hamu ya kila kitu ikikaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili, huku usingizi, hamu ya kula na umakini vikiharibika, mtafute daktari au mwanasaikolojia. Fikra za kujiua hazisubiri wiki mbili. Mtu huyo asiachwe peke yake, dawa na vitu vya kujidhuru viondolewe karibu yake, na msaada wa dharura uitwe saa hiyo hiyo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hupata nafuu wakiulizwa. Namba ya kupiga itafute leo na uihifadhi kwenye simu kwa jina utakaloliona haraka.

Jipangie na baada yake. Wapo wanaosimama imara hatari ikiwepo, kisha wanaanguka ikishaondoka, mwili unapopata ruhusa ya kuchoka. Wengine wanaogopa msongamano, wengine wanaona hasira kwa walioendelea na maisha kana kwamba hakuna aliyekufa. Ile simu ya kila jioni isikatwe siku zuio linapoondolewa; iendelee angalau miezi mitatu, ikipungua polepole.

Karatasi yangu nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa. Ina majina matatu na saa zake, vyanzo viwili vya habari, namba ya daktari, namba ya dharura, na mahali ilipo bahasha yenye matakwa ya mama. Juu yake nimeandika tarehe kwa penseli, kwa kuwa kila baada ya miezi sita nazipiga namba zote kuona kama bado zinapatikana. Mara ya mwisho moja haikupatikana, nikaifuta na kuandika nyingine.