Kifundo cha Mguu Kilichovunjika: Namna ya Kukitambua na Kukitibu

Mguu ukipinda vibaya, swali la kwanza huwa ni kama kifundo kimeteguka tu au mfupa umevunjika. Uvimbe peke yake haulijibu, kwa kuwa kano zilizochanika huweza kuvimba kuliko mfupa wenye ufa. Hata dhana iliyoenea kwamba anayeweza kutembea hajavunjika si ya kuaminiwa, maana mfupa mwembamba wa upande wa nje huweza kuvunjika na mtu akaendelea kuchechemea kwa siku kadhaa.

Kipimo cha kuanzia ni kile kilichobuniwa na madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtu mzima mwenye maumivu ya kifundo apigwe eksirei iwapo anaumia unapobonyeza nundu ya mfupa ya ndani au ya nje, kwenye ncha yake au kwenye ukingo wake wa nyuma hadi sentimita 6 kwenda juu. Vilevile iwapo hakuweza kupiga hatua 4 mara tu baada ya kuumia na bado hawezi anapopimwa. Bonyeza mfupa wenyewe, si nyama laini iliyo mbele yake. Aliyelewa, au ambaye kisukari kimeua hisia za miguu yake, asipimwe hivi. Yeye apigwe picha moja kwa moja.

Mguu uliobaki umepinda na kupoteza umbo lake, mfupa uliotoboa ngozi, au vidole vilivyopauka na kupoa ni dharura. Funika jeraha kwa kitambaa safi, ufunge gango mguu ukiwa jinsi ulivyo, na usimpe majeruhi chakula, kwani huenda akahitaji kupasuliwa. Kukanda na kuvuta, ambako wengi hukimbilia, huweza kuvisogeza vipande vya mfupa.

Hospitalini, kinachoamua tiba ni uthabiti wa kiungo kuliko wingi wa nyufa. Mfupa wa juu wa wayo umebanwa katikati ya zile nundu mbili, na ukihama hata kidogo tu, uzito wa mwili huelemea sehemu ndogo ya gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, na kuichakaza mapema. Kwa hiyo mvunjiko uliotulia hufungwa plasta ngumu au kiatu maalumu kwa takriban wiki 6, ilhali uliohama hurudishwa mahali pake na mara nyingi hushikizwa kwa vyuma na skrubu.

Mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, hasa siku za mwanzo, na mvutaji aache sigara kwa sababu huchelewesha mfupa kuunga. Plasta ikibana hadi vidole vife ganzi, shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, rudi hospitalini mara moja, kwani dalili mbili za mwisho huweza kuonyesha kuwa damu imeganda mshipani. Plasta ikishatolewa, mazoezi ya tiba huanza polepole. Uvimbe wa jioni huweza kuendelea kwa miezi kadhaa hata mfupa ukiwa umekwisha kuunga.